Maonyesho yangu yamepigwa deki

Nina hasira, msinisemeshe!

Michoro yangu ni rangi tupu, haina mtu wala mti. Nilitaka ukitazama ule mwekundu, ukanyage udongo wa Handeni pekupeku. Ukifika kwa wa kijani, unuse majani ya chai ya Dindira. Ukumbi mzima nikatandaza udongo na majani hayo sakafuni.

Nimetoka kidogo kufuata spika. Narudi, mama mwenye ukumbi kafagia VYOTE. Kapiga deki kwa dawa ya choo. Kapanga na meza kuu, kitambaa cha kung'aa!

“Mwanangu, utapokeaje wageni kwenye uchafu?”

Semeni nyie, huo ni uchafu? Nikampa shikamoo yake, nikaenda kufungua mlango.

Mgeni wa kwanza kavua viatu, kanusa.

“Hii harufu inaeleza nini?”

“Hasira.”

Akafumba macho, akavuta tena.