Dalali Alivyomtetea Limi

Jilala alikuwa dalali wa ng'ombe minadani Shinyanga. Alianza kwa kuswaga mifugo ya watu hadi akapata zizi lake. Shule hakuiona, ila ulimi ulikuwa mkali. Ndiyo maana mwaka 1983, shangazi yake Limi alipoitwa barazani kwa uchawi, ukoo mzima ulimsukuma yeye mbele. Vikongwe wa namna hiyo walikuwa wakikatwa mapanga.

Bujiku, aliyefiwa na mtoto, alisimama. "Wachawi wana macho mekundu. Limi ana macho mekundu. Mwanangu alikunywa maziwa kwake, akafa. Mnataka nini tena?"

"Pole kwa msiba, Bujiku," Jilala akasema. "Mkeo anapikia nini?"

"Mavi ya ng'ombe, kama wote. Kuni ziko wapi?"

"Na moshi wake umemwachia macho gani?"

Wanawake wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Basi tukatwe wote, mjipikie!"

"Mbuzi ana ndevu," Jilala akaendelea. "Mwenyekiti wetu Mihayo naye ana ndevu. Tumswage mnadani? Na jogoo akiwika, ndama akafa, jogoo ndiye kaua?"

Baraza likaangua kicheko, Mihayo mwenyewe akishika mbavu. Bujiku aliinamisha kichwa. Kesi ilikuwa imekwisha.

"Haya dalali," Mihayo akasema, "unatakaje?"

Hapo mazoea yakamponza. Mnadani Jilala hakuondoka kamwe na ushindi mzima. Aliachia kidogo, mwenzake asibaki na kinyongo. Akamtazama yule mfiwa, akasema, "Msimguse. Ahame tu."

Kicheko kikakatika.

"Asiye mchawi anahamishwa kwa kosa gani?" Mihayo akauliza taratibu.

Ng'ombe unaweza kumpunguzia bei mkakutana katikati. Mtu kuwa nusu mchawi, hilo halipo.

"Hata ndugu yake amekubali!" Bujiku akapiga kelele. Baraza likaafiki, Limi akapewa hadi jua kuzama awe amehama.

Jilala alileta baiskeli ampakie. Kikongwe akakataa, mzigo kichwani.

"Walipocheka ungenyamaza, mwanangu," akasema, akashika njia ya Kahama.

Alipokewa Nyahanga, huko Kahama, kwa mtoto wa dada yake. Mvua hazijaanza, mtoto wa jirani akaugua, na watu wakauliza yule bibi katokea wapi, na kwa nini. Safari hii hakuna aliyezungumzia macho. Walisema kwao alishahukumiwa, na aliyemtetea ndiye aliyeomba ahamishwe.

Jilala ndiye aliyekwenda kumzika.