Herufi x ilivyoiokoa kona ya mashine yangu Bariadi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini apite, nyuzi ni nyingi.

Mimi ni mzee wa Bariadi. Shule niliishia darasa la tatu, nikaenda kuchunga. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono yangu, kwa hiyo msinionee huruma.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu, nilinunua mashine ya kusaga. Kiwanja changu kilikuwa mraba, lakini hakitoshi.

Serikali ya kijiji ikaniandikia karatasi: urefu uongezwe hatua tano kwenda kaskazini, upana hatua tatu kwenda mashariki.

Nikang'oa uzio wa zamani wa minyaa. Nikamwaga zege la kufungia injini kwenye kona mpya, inayotazama barabara.

Halijakauka vizuri, akaja jirani yangu Masanja. Tumechunga wote, hana aibu na mimi.

"Mwangaluka, tajiri," akanisalimu kwa Kisukuma. "Hili zege unalivunja lini?"

"Nivunje kwa nini?"

"Kaskazini ulipewa kipande. Mashariki ulipewa kipande. Hii kona katikati yake ulipewa na nani?"

Nikavipitia vile vipande kwenye karatasi, kweli kona haimo kwenye kimojawapo. Na upande wa zamani ulikuwa hatua ngapi? Minyaa imeshang'oka, hakuna ajuaye.

Masanja akapeleka shauri kijijini. Nikishindwa, navunja zege na mashine inahamia nyuma ya nyumba, asikoiona mteja.

Nilikuwa na mpangaji, Mwalimu Kabula, anafundisha hesabu sekondari. Nikamkuta barazani anasahihisha madaftari, nikamweleza. Akachora kiwanja mchangani.

"Baba, upande wa zamani hatuujui. Tuuite x."

"Kitu hukijui, unakipaje jina?"

"Ng'ombe wa Masanja unajua idadi yao? Mbona unawataja kila siku?"

Akaandika:

(x + 5)(x + 3) = x² + 8x + 15

x² ni kiwanja cha zamani. 8x ni vile vipande viwili: 5x cha kaskazini, 3x cha mashariki. 15 ni kona, tano mara tatu.

Nikamwambia aweke 30 pale kwenye x. Ikatoka 900, na 240, na 15. Aweke 40. Ikatoka 1600, na 320, na 15 ile ile.

Hapo ndipo kichwa kilifunguka, wakuu. Vingine vyote vinabadilika na x. Kona haimtegemei mtu.

Siku ya shauri nilimwambia mwalimu akae kimya. Nikashika kijiti, nikachora mwenyewe.

"Hayo maherufi ya watoto," Masanja akasema.

"Basi yatoe. Ukitoa 15, kiwanja kinabaki na pengo. Karatasi inasema urefu na upana viongezwe, haisemi kiachwe pengo."

Mwenyekiti akaisoma karatasi mara mbili. Akasema, "Masanja, kona ni ya mwenzako. Nenda nyumbani."

Wiki ile injini ikanguruma. Mke wa Masanja alikuwa wa pili kwenye foleni, na nilimsagia vizuri.

Funzo: hesabu ya vipande usiikariri, ichore uone kila kipande ni nini. Wengi wenye form four hapa wanaimba hiyo quadratic, ukiwauliza 15 ni nini wanatazama dari.

Na wewe, hesabu gani ya darasani ilikuja kukusaidia mtaani? Tiririkeni, ila mtu asije na uongo, nitamwambia achore.