Kamba Aliyopewa Shemeji

Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu kwa upole, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni kasoro yake. Tangu nikiwa msichana nilifanya naye kazi kwenye boti ya tanga aliyoiunda kwa mikono yake, boti ya kubebea mizigo ya watu wa visiwani, na muda wote huo hakunisemesha ila kwa kelele. "Weye! Vuta! Unalala?" Wanawake waliokuwa wakifua ufukweni walinionea huruma. Mimi nilikuwa navuta tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pwani yetu ya Goma ni mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, na boti ya mbao haithubutu kuyasogelea. Inatia nanga mbali kidogo, nasi tunaiendea kwa kihori, mtumbwi mdogo wa watu watatu wakibanana. Kabla ya safari lazima kihori kipandishwe botini, maana ukikiburuta nyuma, mawimbi ya katikati ya ziwa yatakijaza maji. Unafunga kamba ya tanga, ile inayopita juu ya mlingoti, kwenye pete ya chuma iliyo puani mwake, unavuta, kinapanda kikichuruzika, na mtu aliye ukingoni anakielekeza mpaka kilale ndani. Kufunga na kuvuta ilikuwa kazi yangu. Baba alisimama ukingoni, mikono kwenye mbao, mdomo kwangu.

Kisha mdogo wangu akaolewa. Mume wake ni mfanyabiashara wa maharage pale Mabanga, kwao ni Kalengera, mtu mpole, mwenye bidii, anayesalimia mpaka watoto. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Kuyasema hakunifurahishi hata leo.

Siku moja, biashara ikiwa imelala, akaja kutusaidia botini. Baba, ambaye maisha yake yote alikwenda ziwani na singlendi yenye matundu, siku hiyo alivaa shati la kola. Sisi wenye asili ya upande wa Bukavu mkwe hatumfokei. Unamsemesha kama mgeni, hata kama amekukanyaga. Basi baba akaichukua kamba mikononi mwangu, akampa shemeji kwa mikono miwili, akamwita papa kama anavyoitwa mgeni wa heshima, akasema, "Papa, tafazali, unisaidie ku kamba."

Tafadhali! Sikujua hata kama neno hilo lilikuwemo kinywani mwake.

Mimi nilipewa kipande cha tairi kuukuu nikishike kati ya kihori na boti, mbao zisigongane. Wivu ulinishika. Ningeweza kusema niliona uchungu kwa sababu ya kazi, kwamba mimi naijua na yeye haijui, lakini hapana, lilikuwa neno lile. Miaka yote nimevuta mpaka viganja vimekuwa magamba, na shemeji wa juzi ndiye anaombwa tafadhali. Nyumbani nilimnunia mdogo wangu wiki nzima, naye hakujua alichonikosea.

Shemeji akaendelea kuja. Alifunga kamba kama anavyofunga magunia ya maharage juu ya lori: mzunguko mmoja, anapitisha ncha, anakaza kwa goti. Kwa gunia inafaa, kwa sababu gunia linakaa lilipo. Kihori kinaning'inia, kamba inalegea na kukaza, inalegea na kukaza, na fundo la namna hiyo linajifungua lenyewe. Nilijua tangu siku ya kwanza. Baba hakuweza kuona, alikuwa akitazama ubavu wa kihori. Mimi na tairi langu tulikuwa mbele ya pete. Ziwa lilipotulia, fundo lilishika, nami nilinyamaza.

Asubuhi ninayoikumbuka, upepo ulianza kutoka upande wa Lac Vert tukiwa bado hatujang'oa nanga. Boti ikawa inayumba. Shemeji alivuta vizuri, kihori kikapanda, pua ikafika usoni pangu, na nikaiona ncha ya kamba ikirudi nyuma taratibu ndani ya fundo. Upana wa vidole vitatu. Vidole viwili. Ningeweza kusema "simama". Nilikuwa na nafasi ya kulisema mara mbili. Nikafikiri: acha baba aone nani anajua kazi. Acha amfokee mbele ya watu, aone aibu, arudi kwa maharage yake.

Kihori kikaanguka. Kiligonga ukingo, kikabana mkono wa kushoto wa baba, kikateleza majini. Damu ikatoka chini ya kucha mbili.

Na baba akafoka, kama nilivyotaka. "Mupumbavu weye! Nani alikufundisha kufunga vile? Unafunga mbuzi? Leta mukono yako hapa, angalia!" Akamshika shemeji kiganja, akamfungisha fundo, akalifungua, akamfungisha tena, huku akimtukana na damu ikidondoka juu ya vidole vyao. Shemeji alikuwa akisema, "Ndiyo, papa. Ndiyo, papa." Hakuonekana kuona aibu. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Kelele zile zilikuwa zangu. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye baba alimfokea namna ile, na nilikuwa nimezigawa kwa mkono wangu mwenyewe.

Baba akazifunga kucha zake kwa kitambaa. Akaitazama pete, akalitazama tairi mikononi mwangu, akapima kwa macho umbali kati ya pete na uso wangu. Shemeji alikuwa ameshajitupa majini kukirudisha kihori, na palihitajika mtu wa kuvuta.

"Mama," baba akaniambia kwa sauti ya chini, kama anasema na mgeni, "tafazali, unisaidie ku kamba."

Nikavuta. Mpaka leo tunapandisha kihori sisi watatu, na shemeji anafokewa kila safari. Mimi naambiwa tafadhali.