Mbegu Namba Thelathini na Saba

Maabarani walimwita Bi Buluu, kwa sababu ya kazi yake. Miaka kumi na tisa alikuwa akichanganya wanga na kimeng'enya kinachousaga tumboni, anaongeza maji ya mmea fulani, kisha anatia tone la iodini, ambayo huugeuza wanga kuwa buluu. Wanga ukishasagwa, buluu hupotea. Ikibaki, mmea umekizuia kimeng'enya, na huenda siku moja ukawafaa wagonjwa wa kisukari.

Mwaka ule majani namba 114 yalibakiza buluu nzito kama wino. Mkuu wa maabara, mtu wa maneno haba, alianza ripoti siku hiyo hiyo huku akipiga mluzi. Bi Buluu moyo ulimsita. Akayajaribu kwa kimeng'enya cha kusaga nyama, nacho kikalala. Akatia tone la sabuni, ambayo hubandua kilichong'ang'ania tu, vimeng'enya vyote viwili vikaamka. Kumbe majani yale hukumbatia protini yoyote inayopita, na kila kimeng'enya ni protini; hayachagui.

Akapiga moyo konde, akaenda kusema.

"Hii si dawa, mzee. Ni gundi."

Mkuu akauliza kama amerudia. Alikuwa amerudia mara sita. Basi mkuu akaifunga kompyuta, na wiki nzima akamnunia, ingawa salamu hakumnyima.

Ikabidi warudie mimea yote kwa sabuni. Namba 37, mbegu za maharage pori, zilikuwa zimepuuzwa kwa buluu yake hafifu. Lakini sabuni haikuitikisa, na kimeng'enya cha nyama hakikuguswa. Wakazichuja miezi minane hadi wakapata protini moja safi, wakaigandisha pamoja na kimeng'enya cha wanga kuwa fuwele ndogo kuliko chembe za chumvi, wakazipeleka kupigwa eksirei. Picha ilipokuja, mkuu alimwita yeye kwanza. Kwenye ufa ambamo wanga huingia kukatwa, protini ya maharage ilikuwa imejichomeka, ikaziba mlango.

Dada yake, mwenye sukari mwaka wa kumi, alipoonyeshwa picha aliuliza, "Nitaimeza lini?"

"Bado sana, dada. Tumejua inavyokaa tu. Endelea na vidonge vyako."

Dada akasonya, akasema wasomi huzunguka mji mzima kwenda nyumba ya jirani, kisha akaomba atumiwe picha ile. Akaitembeza kliniki nzima, akiieleza kombokombo, mpaka muuguzi akampigia Bi Buluu simu kuuliza hayo maharage yanauzwa wapi.