Siku Nilipomfokea Mama kwa Maikrofoni kwa Ajili ya Sahani ya Santuri

Jamani, haya ninayo, nyingi tu, na nikipita stendi ya Makambako bado kuna wauza mahindi ya kuchoma wanaoniita "Mama Usikanyage" huku wakicheka mpaka wanashika mbavu. Nimekubali kuwasimulia ili muipate kwangu mwenyewe, maana shangazi yangu Editruda anaisimulia vibaya, anaongeza kwamba nilirusha kiatu, na mimi kiatu sikurusha.

Ilikuwa jubilei ya ndoa ya wazazi wangu, miaka hamsini, na baba yangu, kwa wasiomfahamu, ni mstaafu wa reli ya kwenda Zambia. Enzi za ujana wake alikuwa anasafiri na mabehewa mpaka Kapiri Mposhi, na safari moja akarudi na sahani ya santuri ya vijana wa Kizambia wa zama zile, wale wa suruali za bugaluu na magitaa ya umeme yanayokwaruza kama mashine ya kupasulia mbao. Ndiyo rock yenyewe hiyo, iliyopigwa na Waafrika wenzetu, na baba aliipenda kuliko koti lake la kazi. Mama anasema siku baba alipokuja kumchumbia hakuleta maneno mengi, alileta gramafoni.

Sasa sahani ile ilipata mkwaruzo mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Wimbo wa pili ukifika katikati, sindano inanasa, gitaa linarudia vile vile, linarudia, linarudia, halitoki hapo mpaka mtu apige kishindo sakafuni. Nyumba yao ya kwanza Makambako ilikuwa na sakafu ya mbao, kwa hiyo baba akazoea kumzungusha mama wakati sindano imenasa, anamzungusha na kumzungusha, na mama akichoka anakanyaga kisigino, pu!, sindano inaruka, wimbo unaendelea. Basi ikawa ndiyo ngoma ya ukoo wetu. Harusi zote, vipaimara vyote, gramafoni inaletwa, na mjomba wangu Vitus anayeuza mbao anabeba jukwaa lake kwenye pikapu, kwa sababu kumbi za siku hizi zina sakafu ya saruji na saruji haipitishi kishindo. Sijui kama kuna ukoo mwingine duniani unaosafirisha sakafu kwa ajili ya sahani mbovu, lakini sisi tunasafirisha.

Miaka miwili kabla ya jubilei baba akapata kiharusi. Alipona kwa namna yake, ila mguu wa kulia ukawa unaburuta na maneno mengi yakampotea, mimi akawa ananiita kwa jina la dada yake marehemu, na nilikuwa naitika tu (nifanyeje?). Kitu kimoja hakikupotea. Ukimwekea ile sahani, ikifika pale inaponasa, mkono wake wa kushoto unainuka wenyewe kumtafuta mama. Mama aliposikia watoto tunapanga sherehe, mara keki, mara sare, alisema jambo moja tu: "Mimi nataka anizungushe mbele ya watu. Mengine fanyeni mnavyojua."

Angalieni jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Kuweka sahani, basi.

Lakini mimi mnanijua. Nafundisha fizikia sekondari hapa Njombe, na usiku na mchana nipo kwenye lile kundi la simu la wapenzi wa santuri, watu wanaobishana wiki nzima kama toleo lililosafishwa upya lina thamani ya bei yake. Wapo wanaosema ni wizi mtupu, ni muziki ule ule kwenye jalada jipya. Wapo wanaosema hapana, mafundi wanarudi kwenye utepe wa kwanza kabisa wa studio, wanaondoa vumbi na mivumo, wanachapa kwenye sahani nzito, na wewe unasikia mpaka mpiga gitaa akivuta pumzi. Kumbe sahani ya baba nayo ilikuwa imesafishwa upya huko Ulaya. Nilipoona tangazo nilisimama katikati ya somo. Nikaagiza. Bei sitaitaja kwa sababu mume wangu anaweza kuyasoma haya.

Nikajiambia, baba yangu amesikiliza mikwaruzo miaka hamsini, siku ya jubilei asikie muziki wenyewe. Niliwaza kwa upendo, naapa. Na ile ya zamani nikampelekea fundi fremu wa Makambako aitie kwenye kioo, iwe zawadi ya kutundikwa ukutani, nikamwambia ahakikishe imekaa imara. Fundi ni mtu msikivu. Akaipaka gundi upande mzima.

Siku ikafika, ukumbi wa misheni umejaa, nje akina mama wanapakua wali na nyama, pombe ya ulanzi inazunguka kwa waliokwisha kusalimiana na padre na kuona hatazami. Jukwaa la mjomba Vitus liko katikati, gramafoni juu ya kimeza humo humo jukwaani, pembeni, spika nne, na fremu yangu inang'aa ukutani nyuma ya meza ya maharusi. Mshereheshaji akanipa maikrofoni. Na mimi, badala ya kusema asanteni karibuni, nikatoa mhadhara. Nikaeleza utepe wa studio. Nikaeleza uzito wa sahani. Nikasema, "Leo mtasikia mpaka pumzi ya mpiga gitaa," na shangazi Editruda akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani anaumwa?"

Nikashusha sindano.

Ikatoka sauti kama ng'ombe dume anayeamshwa. Mwimbaji anavuta neno moja mpaka unaweza kwenda kuchota maji na kurudi, ngoma zinapiga kama mtu anayepigilia msumari huku anasinzia. Watu wakatazamana. Padre akatua soda yake. Shangazi akasema, "Mashine imelewa, nani ameipa ulanzi?" Ukumbi mzima kicheko. Matoleo haya ya wanaojua kusikiliza huchapwa kwenye sahani mbili badala ya moja na huchezwa kwa mwendo wa kasi zaidi, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa katikati ya sahani kabisa, kwa maandishi madogo, na mwalimu wa fizikia hakuyasoma. Nikaruka jukwaani, nikageuza swichi ya mwendo, jasho linanitoka na baridi ya Makambako yote ile.

Na hapo, wenzangu, niwe mkweli, muziki ukaja. Lile besi la chini ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote likapita kwenye mbao mpaka kwenye nyayo zangu. Kulikuwa na njuga kule nyuma! Miaka yote ile kulikuwa na mtu anapiga njuga na sisi hatujui. Machozi yakanilengalenga. Baba akasimama, mama akamshika kiwiko, wakapanda jukwaani polepole, mguu ukiburuta, wakaanza kuyumba taratibu, na watu wakatulia. Nikaona nimeshinda, nikaona wale wabishi wa kundini waje waone.

Wimbo wa pili ukaanza. Ukoo mzima ukasogea kutengeneza duara, maana sote tunajua panapokuja. Mkono wa baba ukainuka. Gitaa likapiga pale pale pake, mara moja, likaendelea na safari yake, safi, bila kunasa popote.

Mkono wa baba ukabaki hewani. Akangoja. Akageuza kichwa kutazama gramafoni, kisha akamtazama mama kama mtu aliyefika stesheni akakuta treni imeondoka, akasema, "Imepita." Siku hizo neno moja kwake lilikuwa kazi, na alilitumia kwa hilo.

Niliumia, lakini sikuwahi kufanya kitu, kwa sababu mama naye, kwa mazoea ya miaka hamsini, alitaka kumsaidia. Akainua kisigino akakanyaga. Pu! Sindano ikateleza juu ya sahani yangu mpya, krrrr, spika nne zikapasua masikio ya watu, na mimi, na maikrofoni mkononi bado inawaka, nikapiga yowe:

"Mama! Usikanyage! Utaniharibia sahani!"

Huo ndio mkasa wenyewe. Mtu mzima, mwenye watoto, nimemfokea mama yangu siku ya jubilei yake mbele ya padre na ukoo na majirani, na spika zikapeleka mpaka jikoni, mwiko ukasimama. Nilitamani mbao za mjomba zipasuke nizame. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu kwa upole, "Sahani ya nani, Otilia?"

Nikazima maikrofoni.

"Ya baba yako iko wapi?"

Nikanyoosha kidole ukutani. Mama akaitazama fremu. "Umeifungia kwenye kioo," akasema, "kama picha ya marehemu. Na mwenyewe yuko hapa nimemshika mkono."

Mjomba Vitus akaishusha, akafungua nyuma kwa kisu, akajaribu kuinua ukingo, akatikisa kichwa. Gundi imekula kila kitu. Akairudisha ukutani. Baba bado amesimama jukwaani, mkono umeshuka, anatazama viatu vyake, na mimi hapo nikaanza kulia bila kificho, kama niliyepigwa, kwa sababu mama yangu aliomba jambo moja tu na mimi nimelitia gundi.

Mama akaniachia baba nimshike, akaenda kwenye gramafoni. Akainua mkono wa sindano kwa vidole viwili, vile vidole vyake vilivyopinda kwa jembe, akanigeukia.

"Pale ni wapi?"

"Mama, hapo chini kidogo… hapo."

"Nikiikwaruza utalia?"

"Nalia tayari," nikasema. "Kwaruza tu, mama."

Akashusha. Sindano ikakwaruza (moyo wangu nao, sisemi uongo), gitaa likapita. Akairudisha. Likapita. Akairudisha tena akiikandamiza kidogo, kama anavyokandamiza mbegu, na safari hiyo gitaa likapiga, likarudia, na njuga za yule mtu wa nyuma zikaingia, zikarudia. Imenasa! Haikuwa pale kabisa, ilikuwa mbele kidogo, lakini imenasa, na niliuhisi mkono wa baba ukitoka mkononi mwangu.

Akamzungusha. Mara ya kwanza polepole, kwa mkono wa kushoto, mguu umebaki pale pale kama mhimili. Mara ya pili. Mama anazunguka, kitenge chake cha jubilei kinafunguka, anakishika kwa mkono mwingine anacheka kama msichana, na watu wanapiga makofi kwa kufuata gitaa. Tukangoja akanyage. Hakukanyaga. Akaendelea kuzunguka, na nikajua anakula siku yake yote.

Kisha baba mwenyewe akaacha kuzungusha. Akautazama mguu wa kulia, akauinua kiasi cha unene wa kandambili, akaushusha. Haukutoa sauti. Sindano haikusikia kitu. Mjomba akataka kupiga kishindo, mama akamzuia: "Mwache." Baba akajaribu tena. Kimya. Gitaa linarudia, njuga zinarudia, na jasho linamtoka mzee wangu kwenye kipaji cha uso. Sijui nani alianza, nadhani ni shangazi Editruda (na hilo nalo halisimulii), lakini baba alipouinua mguu mara ya tatu, tulipouona tu unashuka, ukumbi mzima tukakanyaga naye, wa mbele mguu mmoja juu ya mbao, padre pia na viatu vyake vya ngozi, na sindano ikaruka vibaya, ikavuka nyimbo zote zilizobaki ikatua mwisho wa sahani, ikaanza kusema kshh, kshh. Tulicheka mpaka keki ikasahaulika.

Basi, ninyi wa kundini mnaoniuliza kila wiki kama matoleo haya yanafaa kununuliwa, jibu langu ni hili: nunueni, yanafaa, mtasikia njuga ambazo hamkujua zipo. Ila ya zamani msiitie kwenye kioo wakati wenyewe bado wanaicheza, na someni maandishi ya katikati. Na mimi nimeapa sitashika maikrofoni popote mama yangu alipo, hata kwa kutangaza matokeo ya shule.

Fremu iko sebuleni kwao Makambako, na jukwaa la mjomba nalo tumelihamishia hapo, limeziba nusu ya sebule, wageni wanajikwaa. Kila Jumapili ninaposhuka kutoka Njombe tunaiweka ile mpya, inanasa pale mama alipopanda mkwaruzo wake, baba anazungusha, anainua mguu, na sisi wengine tunakanyaga naye. Jumapili iliyopita mimi nilikuwa jikoni namenya viazi na mama yuko mikononi mwa baba, nikasikia gitaa linarudia, linarudia, nikaacha kisu nikimbilie kukanyaga. Sikuwahi. Nilifika mlangoni nikasikia kishindo kimoja, kidogo, cha mguu wa kulia, na wimbo ukaendelea. Baba akanitazama, uso unang'aa.

"Imepita," akasema.