Kibao cha Watetemekaji

Fundi Madoa, mwandika vibao, alikuwa na mdomo usio na breki, na ndio uliomponza. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alisali na kikundi kidogo cha watu wanaokaa kimya, na maombi yakiwakolea huanza kutetemeka. Siku moja Madoa akamwona anapita na wenzake, akawapigia kelele wapiga soga wa nje ya karakana yake: "Watetemekaji hao! Wapeni blanketi!" Watu wakavunjika mbavu.

Jamani, utani mwingine heri ubaki tumboni! Haukupita muda, mtaa mzima ukawa unawaita hivyo, na watoto wanamfuata dada wakijitikisa. Dada akaacha kuleta chai karakanani. Madoa akakosa raha.

Leo dada kaingia na ubao kwapani na chupa ya chai mkononi. Chupa akaiweka mezani, hakuifungua.

"Niandikie kibao cha chumba chetu cha ibada. Andika: Watetemekaji."

Uso ukamwiva Madoa kwa aibu. "Dada, nimekukosea. Siwezi kuliandika tusi langu."

"Umeliandika vinywani mwa mtaa mzima, ubao ndio utakushinda?"

Akavuta kigoda, akamweleza. Zamani huko ng'ambo walikuwako waumini waliojiita Marafiki. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao, alipofikishwa mbele ya hakimu, alimwambia hakimu huyo atetemeke kwa neno la Mungu. Hakimu akamcheka: watetemekaji ni ninyi! Kwa lugha yao, Wakwekeri. Jina la dhihaka likawaganda, wakalibeba hivyo hivyo mpaka likaheshimika.

"Na sisi tumelipokea letu," dada akasema.

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nikuwekee kinyongo, mtoto niliyekubeba mgongoni? Fanya kazi."

Madoa akaandika, roho inamsuta kila herufi. Alipomaliza akakimbilia kuosha brashi.

"Mbona hujaweka jina lako?" Kila kibao mtaani kilikuwa na jina la Madoa kwenye kona, ndivyo waandika vibao wanavyojitangaza.

"Hiki niachie, dada. Nakuomba."

"Hili jina umelitunga wewe. Weka."

Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akajiandika kwa herufi ndogo kama sisimizi. Dada akainama, akakodoa macho.

"Futa, andika kubwa. Wajukuu watauliza nani alituita hivi."

Madoa akafuta. Ndipo dada akafungua chupa, akammiminia chai, akasimama kusubiri.