Bonyeza Moja kwa Kiwelisi

Zipporah Kemunto alizaliwa Kisii, akaolewa Nakuru, akaachika London, na Kiwelisi akakiokota kaskazini mwa Wales, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiogesha vikongwe ambao Kiingereza kilikuwa kimeshawatoka kichwani. Darasa hakuingia. Alisukumwa na uchu wa soga tu, maana Zipporah ukimkosesha mtu wa kuzungumza naye umemkosesha hewa.

Vikongwe wale walimwachia lugha yao, wakamwachia na mgongo mbovu. Daktari alipompiga marufuku kunyanyua watu, akahamia kwa bintiye Shiku huko Woolwich, akawa anakaa dirishani juu ya soko akitazama wenzake wakienda kazini. Ndipo alipoona tangazo: halmashauri moja ya Wales inatafuta mtu wa kupokea simu za wananchi kwa Kiwelisi, na anaweza kufanyia kazi nyumbani kwake, popote alipo. Alisailiwa kwa simu, akapita. Mkubwa wake mpya, Douglas, alipomwona kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta aliisogelea skrini, akauliza kama mtandao unasumbua.

"Mtandao uko sawa, bosi," akasema Zipporah. "Ni mimi mwenyewe."

Kazi haikuwa ngumu. Mtu akipiga simu halmashauri, sauti inamwambia abonyeze moja kwa Kiwelisi, mbili kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba hata wale waliokuwa wakiota kwa Kiwelisi walibonyeza mbili. Zipporah alikaa na vidude vyake masikioni kama mwenye duka siku ya mvua. Haukupita muda Douglas akamwarifu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba laini isipopata wapigaji itafungwa, na mahali pake itawekwa mashine ya kupokea ujumbe. Zipporah alielewa vizuri. Laini ikifa, itabidi arudi kunyanyua watu na mgongo ule ule, au akae bure alishwe na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Aliogopa, tena sana.

Mmoja wa wapigaji wachache alikuwa mjane aitwaye Eluned, ambaye pipa lake la taka lilikuwa limepasuka. Zipporah akamwuliza bila kupindapinda: wenzako mbona wanabonyeza mbili?

"Wanaona haya," Eluned akasema. "Kiwelisi cha council ni cha vitabuni. Chetu ni cha jikoni."

Zipporah alicheka hadi vidude vikamtoka masikioni. Ugonjwa huo aliujua! Mchukue Mkenya wa bara umweke mbele ya Mtanzania, uone atakavyokimbilia Kiingereza kabla hajamaliza salamu. Hata yeye mwenyewe yalimkuta: pale sokoni, chini ya dirisha lake, kulikuwa na Mzanzibari aitwaye Mahir aliyeuza vifuniko vya simu. Siku moja Mahir alimwambia, "Dada, Kiswahili unakichinja bila kisu," na tangu hapo hawakupatana bei ila kwa Kiingereza.

Basi akayaweka kando maelezo aliyopewa na Douglas, yaliyojaa maneno mazito ya Kiwelisi cha vitabuni ambayo yeye wala wapigaji hawakuyajua. Akaanza kuongea Kiwelisi jinsi watu wa Nairobi wanavyoongea Kiswahili: neno likikosekana, tia la Kiingereza, songa mbele. Na kabla ya kugusa habari ya pipa, kwanza salamu. Umeamkaje? Goti je? Wajukuu? Kondoo wamezaa? Eluned alifurahi hata akasahau kuulizia pipa, ikabidi apige tena.

"Piga tu," Zipporah akamwambia. "Piga kabla hawajatufunga."

"Nani anawafunga?"

"Mimi sijasema kitu," akasema Zipporah, akijua fika kwamba Jumapili Eluned ataonana na kanisa zima.

Jumatatu simu haikupumua. Mmoja aliripoti shimo la barabarani lililozibwa zamani. Mwingine alitaka kujua sheria ya halmashauri inasemaje kuhusu paka wa jirani kulala juu ya gari lake. Mzee mmoja hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kuhakikisha kama ni kweli kuna mama wa Kiafrika anayeongea kama marehemu nyanya yake.

"Mum, you've been on about that cat for ages," Shiku akaita kutoka jikoni.

"Huyo paka ni kazi. Na unijibu kwa Kiswahili!"

"It's a cat, Mum."

Douglas hakufurahishwa. Wapigaji walikuwa wameongezeka, ndiyo, lakini kila simu ilikuwa ndefu kama hotuba ya harusi.

"Salamu zote hizo za nini? Mtu anataka kujua siku ya taka."

"Bosi, kwetu mtu akikuuliza jambo kabla ya kukujulia hali, huyo ni polisi."

Hakucheka. Alisema wananchi wanacheza, hawahitaji huduma, na ndivyo atakavyoandika kwenye ripoti yake.

Alhamisi mchana akapiga mwanamume mmoja kwenye laini ya Kiwelisi, akijitambulisha kwa Kiingereza kuwa ni Gervais na kwamba anaulizia siku ya kuzolewa majani ya bustani. Sauti aliikwaruza kooni isijulikane, lakini nyuma yake kulisikika kalamu ikibofywa, tak, tak, kama ilivyobofywa katika kila kikao cha Douglas. Zipporah aliuma mdomo asicheke.

"Umebonyeza moja, mzee wangu," akamjibu kwa Kiwelisi. "Huku ni Kiwelisi tu. Lakini hatuna haraka. Umeamkaje?"

Kalamu ikabofywa kwa kasi. Kisha likatoka neno moja la Kiwelisi, likichechemea. Zipporah hakulisahihisha wala hakulisifu. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza habari za mama.

Mama alikwisha kufa. Douglas alisema alikuwa hajatamka Kiwelisi tangu alipoagana naye kitandani, kwa sababu kwao walikichanganya na Kiingereza, na shuleni mwalimu alimcheka mbele ya darasa. Alipoanza hakukamatika tena. Alisimulia mkate aliooka mama, ugomvi wake na mchungaji, jinsi alivyowaimbia kuku. Zipporah alikuwa ameingia na hila zake zote, na sasa alijikuta akifuta macho kwa ncha ya leso.

"Na ripoti, Douglas?" akauliza taratibu. "Bado utasema wanacheza?"

Kalamu ikanyamaza. "Umenijua tangu lini?"

"Tangu kwenye majani ya bustani."

Akakohoa. "Laini itabaki," akasema, kwa Kiwelisi kibovu, kitamu. "Ila nakuomba, haya yasitoke. Ofisini hakuna anayejua kwamba naongea hivi."

"Bosi," Zipporah akasema, "simu zote za laini hii zinarekodiwa, wafanyakazi wapya wajifunzie. Ni wewe uliyeagiza."

Kalamu ikaanza tena kubofywa, tak, tak, tak, hata Zipporah akaanza kujuta. Kisha akasikia kiti kikivutwa.

"Kama wapya watanisikia, basi niulize tena habari za mama," Douglas akasema. "Mara ya kwanza nilijibu vibaya."